Simu ya Bern

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Simu imelia mara tatu, na mara zote tatu Lachie alikuwa bustanini na liki zake, vile vitunguu virefu, kofia ya koti kichwani, anajifanya hasikii. Ya tatu nikapokea mimi. Msichana wa Glasgow, jina lake Rhona, anatengeneza filamu ya televisheni kuhusu Strathgarvie Rovers na lile Kombe la Ulaya tulilolileta kutoka Bern. Ana sauti ya mtu aliyezoea kukataliwa.

"Bi. Rennie, filamu ya Bern bila nahodha ni kama harusi bila bwana harusi."

Nikamwambia aje Alhamisi, nitamfungia bwana harusi mlango wa nyuma. Nilipomweleza Lachie, alikata liki iliyokuwa bado changa kabisa, akaishika mkononi kama hajui imefikaje pale.

Alhamisi, 5 Septemba

Wamekuja. Rhona ana nywele fupi na alivua viatu vyake vya matope mlangoni bila kuambiwa, kwa hiyo nimeanza kumpenda. Mpiga picha wake hasemi kitu, anakula skonzi tu.

Lachie alikaa mbele ya kamera muda mfupi kuliko nilioutumia kuzioka hizo skonzi. Kuhusu goli lake la Bern alisema lilelile analosema tangu akiwa na nywele: "Mpira ulikuja, nikaupiga kichwa."

"Na kabla ya mechi?" Rhona akauliza. "Kule hotelini, asubuhi, hali ilikuwaje?"

"Tulikula kuku."

"Asubuhi?"

"Mchana." Akasimama. "Samahani, binti, mifereji ya paa imeziba."

Na kweli alipanda ngazi, mwanaume wa miaka sabini na nne mwenye nyonga ya chuma, mvua inamnyeshea, anachomoa majani kwa mikono. Rhona alimtazama dirishani. "Siku zote yuko hivi?"

"Ana aibu," nikasema. Nami niliamini.

Katika mji huu Lachie hawezi kununua mkate bila mtu kumgusa bega. Kuna wanaume wawili wenye sura yake imechorwa mkononi kwa sindano, na mmoja wamemkosea pua. Nimekuwa mke wa goli maisha yangu yote. Nimelizoea, kama mtu anavyozoea kelele za kiwanda, hata nilikuwa nikifikiri silisikii tena.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Lachie amepaka rangi lango alilolipaka rangi mwezi wa Juni.

Ijumaa, 20 Septemba

Rhona alikuja peke yake, bila kamera. Anataka niseme chochote kuhusu Bosi Gilchrist, kocha wetu wa enzi za Bern, kwa sababu kila mtu amemsifu na filamu imeanza kunuka ubani. Nikamwambia kuhusu Bosi sina la kusema. Akanitazama, akafunga mkoba, akaomba chai nyingine. Ana akili.

Tangu aondoke siwezi kutulia. Nimehamisha vyombo vya kabati la juu nikavirudisha. Afadhali niliandike hapa, nikiliandika labda litaniacha nipike.

Asubuhi ya fainali nilijifungua hapa, hospitali ya Strathgarvie, miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kiume. Nikampa jina Struan. Alikuwa njiti, wakamweka kwenye kisanduku cha kioo. Mama mkwe akapiga simu hotelini Bern, na aliyeipokea ni Bosi Gilchrist. Bosi akaitia habari ile mfukoni. Hakumwambia Lachie neno mpaka kombe lilipokuwa mezani na watu wote wamelewa. Ndivyo Lachie alivyonieleza aliporudi, amepiga magoti kando ya kitanda changu, uso wake ndani ya shuka. Struan alikuwa ameshafariki.

Tangu siku hiyo sikumsalimia Bosi. Alipokufa, binti yetu Morven akiwa bado mdogo, mji mzima ulienda mazishini, mimi nilibaki nyumbani nikafua mapazia. Waliposimamisha sanamu yake kwenye lango la uwanja, nikaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hata mkewe, Nan. Alikuwa akinisalimia kila tulipokutana, nami nilikuwa nageukia dirisha la duka lolote na kusoma bei.

Sioni haja ya kumwambia mtoto wa Glasgow haya. Basi.

Jumamosi, 28 Septemba

Rovers wamefungwa tatu bila, nyumbani, mvuani. Lachie alirudi na pai ya nyama mfukoni, haijaumwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

"Wasimhoji Dod," Lachie aliniambia leo nikimenya tanipu.

Dod Petrie alikuwa kipa wetu. Kule Bern, na kila safari nyingine, yeye na Lachie walilala chumba kimoja.

"Kwa nini wasimhoji?"

"Kichwa chake kimeanza kuvuja. Watamwaibisha."

Nilikutana na Dod juzi tu kwa muuza nyama. Alikuwa anabishana naye kuhusu uzito wa soseji, na alishinda. Nikamwambia Lachie hivyo.

"Wewe humjui kama mimi," akasema, akatoka, akaanza kuhamisha kuni kutoka upande mmoja wa banda kwenda upande mwingine.

Mchana Rhona akapiga simu, amechanganyikiwa. Mtu amempigia Dod na kumwambia kurekodi kumeahirishwa. Wao hawajaahirisha kitu. "Unajua ni nani, Bi. Rennie?"

Sikujua. Au nilijua, nikafikiri ni ulinzi wa rafiki kwa rafiki. Nikaona ujinga huu uishe. "Mlete Dod kwangu," nikamwambia. "Jumatano. Atakaa kwenye kiti kizuri, nitampa chai, hakuna atakayeaibika."

Jumatano, 9 Oktoba

Nitaliandika lote kwa mpangilio. Lachie yuko chini, amekaa kwenye ngazi. Hasogei.

Asubuhi alisema hatakuwepo, anakwenda kwa daktari wa miguu. Alisimama mlangoni muda mrefu akitafuta funguo alizokuwa amezishika.

"Dod, usiwachoshe watu kwa porojo."

"Nahodha, porojo ndizo walizofuata," Dod akasema, amejitanua kwenye kiti cha Lachie kama mfalme. "Wewe nenda ukakatwe kucha."

Nilikuwa jikoni nikiwasikiliza, na mwanzoni nilicheka peke yangu. Dod alieleza jinsi mshambuliaji wa Waitalia alivyonukia manukato, "kiasi kwamba nilikuwa najua anakuja kabla sijamwona, niliweza kudaka nimefumba macho." Mpiga picha, yule bubu, nilimsikia akicheka. Halafu Rhona akauliza kuhusu asubuhi ya mechi.

Dod alinyamaza. Hiyo peke yake ilinifanya nichukue sinia na kusogea mlangoni.

"Hii ni habari ya Ishbel na Lachie," akasema. "Lakini Ishbel mwenyewe anaijua yote, na mimi nataka watoto wa siku hizi waisikie. Bosi aliingia bila kubisha. Hakuwa mtu wa kuingia bila kubisha. Akataka nitoke, Lachie akasema, Dod abaki. Basi Bosi akamwambia: mkeo amejifungua mapema, ni mvulana, hali yake mbaya. Akamwambia, gari liko chini. Nimekupatia nafasi kwenye ndege ya Zurich, na jioni utakuwa Edinburgh. Pasipoti yako hii hapa. Nenda, mwanangu."

Rhona akasogeza kiti chake karibu.

"Lachie akakaa kitandani. Akafunga kamba za kiatu, akafungua, akafunga tena. Akasema, nacheza. Bosi akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu akamfokea, akasikika mpaka korido: nenda nyumbani, mpumbavu wewe! Lachie akasema, nacheza. Na jioni akapiga lile goli." Dod alikuwa na machozi, machozi ya fahari. "Sasa niambie, binti. Hawa wa leo wanaoanguka wakipulizwa na upepo, nani kati yao angeweza?"

Sikuangusha sinia. Niliingia, nikaliweka, nikamimina chai. Nikamuuliza Dod sukari moja au mbili, wakati namjua tangu ujana kwamba anaweka tatu.

Rhona aliona uso wangu. Akamfanyia mpiga picha ishara ya kuzima.

"Nimesema nini?" Dod akauliza.

"Hujasema kitu kibaya, Dod. Kunywa chai yako."

Walipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya sebule. Jioni utakuwa Edinburgh. Kutoka Edinburgh mpaka hapa, kwa dereva mwenye haraka, hata supu haijapoa. Struan alifariki giza lilipoingia, na mwezi wa Mei kwetu giza huchelewa sana kuingia.

Angefika.

Lachie aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Nilimuuliza swali moja tu.

"Hilo gari la Bern lilikuwa la rangi gani?"

Alivua kofia yake taratibu. "Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo lilikuwepo."

Alishika nguzo ya ngazi, akakaa. Nimempita nikija huku juu kufunga begi, na itabidi nimpite tena nikishuka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Perth, kwa Morven. Mvua ni ileile.

Jumatatu, 14 Oktoba

Morven ana shughuli zake, anafundisha, ana watoto wawili wenye mafua. Nimemsafishia oveni, nimeshusha mapazia, nimepanga viatu vya ukoo mzima. Leo akaninyang'anya kitambaa cha vumbi.

"Mama, kaa chini. Ni miaka arobaini na tano."

"Kwako ni miaka arobaini na tano. Kwangu ni Jumatano iliyopita."

Akakaa yeye. Hakuwahi kujua hata habari za kisanduku cha kioo. Alijua tu kwamba kabla yake alikuwepo kaka. Akaniuliza kama nitaachana na baba yake. Nikamwambia sijui, na kwamba nikijua nitamjulisha kabla ya kuvunja vyombo vyake. Tulicheka kidogo, halafu akalia, halafu mtoto akatapika na ikawa afadhali.

Rhona amepiga simu. "Nitayakata yale maneno ya Dod. Yeye alidhani unajua. Sitayatumia kama wewe hutaki."

"Na filamu yako?"

"Itakuwa na kuku na manukato."

Nikamwambia asikate chochote kwanza. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilichoka na watu kunikatia mambo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Lachie amekuja Perth kwa basi. Amevaa tai. Morven alimfungulia mlango, akamtazama, akachukua watoto akatoka nao.

Sikutaka kukaa naye ndani. Tulitembea kando ya mto, yeye na nyonga yake, mimi mbele kidogo. Mto umejaa, una rangi ya chai.

Alianza kusema kwamba mama yake alieleza kwenye simu kuwa madaktari wamekata tamaa. Kwamba ndege ile ingeweza kuchelewa kwa ukungu. Kwamba wenzake walikuwa wanamtegemea, na watu wa kiwanda waliouza pikipiki zao ili wafike Bern.

"Sababu hizo kampe Rhona," nikasema. "Mimi nipe za kwangu."

Alilegeza ile tai.

"Nilitaka kucheza, Ish. Hakuna kingine. Nilijua mtoto anakufa, na nilitaka kucheza. Nikajiambia, watoto tutapata wengine, Bern haitarudi."

Alisema wazi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake polisi. Nilisimama. Ningeweza kumsukuma mtoni. Siandiki hivyo kwa mzaha, nilipima umbali.

"Na Bosi? Uliniacha nimchukie mtu mpaka anaingia kaburini."

"Ni yeye aliyenipa maneno yale. Kwenye ndege ya kurudi. Nililia mpaka mhudumu akaleta taulo. Bosi akakaa karibu yangu akasema, mwambie ni mimi niliyeificha ile simu. Wewe utaishi naye. Mimi siishi naye."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali. Nilisema ni ya mwaka mmoja, mpaka upone. Halafu Morven akazaliwa, ukaanza kucheka tena. Nikaogopa."

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Akauliza kama nitarudi nyumbani. Nikamwambia ile nyumba ni yangu pia, nitarudi nikipenda, na nikirudi asinipikie uji, kwa sababu uji wake siku zote umekuwa mbaya.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimerudi. Saa zimerudishwa nyuma leo, kama kila Oktoba, giza linaingia mapema. Nalala chumba cha zamani cha Morven. Lachie anabisha hata mlango wa jikoni.

Jumanne, 5 Novemba

Leo nimekwenda kwa Nan Gilchrist.

Nilipita mbele ya nyumba yake nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi, nikapita tena. Vijana walikuwa wanarusha fataki za kila tano Novemba mchana kweupe, kila zikilia naruka. Mara ya tatu mlango ukafunguka.

"Ingia, Ishbel," Nan akasema. "Majirani wataona unapeleleza pa kuiba."

Ana miaka tisini na moja. Amekuwa mdogo kama msichana, lakini macho ni yaleyale yaliyokuwa yakinitafuta nikiwa nimegeukia bei za viatu. Aliniweka karibu na moto. Nikaanza kumweleza, akaniinulia mkono.

"Naijua. Alirudi na kombe, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia: Nan, kuanzia leo mke wa Rennie hatatupenda. Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema, mpaka wapate mtoto mwingine tu. Mkapata. Akamwendea Lachie: sasa mwambie mkeo. Lachie akaomba subira. Akamwendea tena, akaombwa tena. Halafu moyo wake ukasimama pale uwanjani akifunga mabao ya mazoezi na watoto, na ikawa hivyo."

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Nilikaribia. Siku ya mazishi, nilipoangalia kanisa limejaa na wewe haupo, nilikaribia sana. Nikafikiri: huyu analea. Nikimwambia, anapata rafiki bibi kizee na anapoteza mume. Nikaona ni biashara mbovu." Akachochea moto. "Lakini usinifanye malaika. Nilikuchukia miaka mingi. Unadhani nilikuwa nakusalimia kwa upole? Nilikuwa nakusalimia makusudi, nione unavyohangaika na yale madirisha. Siku moja ulisoma dirisha la duka la mazishi mpaka nikakuonea huruma."

Nikacheka. Sikutegemea kucheka, nikacheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kusimama. Nikamwomba radhi, kwake na kwa mumewe.

"Sawa," Nan akasema. "Sasa nifungulie huo mtungi wa jemu, vidole vyangu vimegoma tangu Ijumaa."

Nimerudi kwa miguu, fataki zikilia. Nilikuwa namfikiria Bosi. Miaka yote ile nilimwona kama mtu aliyetuuza kwa kombe. Kumbe ndiye pekee, siku ile, aliyekuwa tayari kulikosa.

Jumanne, 12 Novemba

Baridi kali, nyasi nyeupe. Lachie amempigia Rhona mwenyewe. Nilimsikia kutoka juu: "Njoo na mashine yako. Ndiyo. Hapana, nitasema yote." Halafu alikaa ukumbini na simu mkononi muda mrefu, na nilijikuta nashuka kumwambia supu ya dengu iko tayari. Alikula mabakuli mawili.

Ijumaa, 22 Novemba

Wamerekodi uwanjani, kwenye viti vya jukwaa la kaskazini, upepo unakata masikio. Rhona alimwambia Lachie hana lazima.

"Washa, binti, kabla sijakumbuka kazi ya kufanya nyumbani."

Akasema. Simu, gari, pasipoti, nacheza. Hakutaja madaktari wala ukungu wala pikipiki za wafanyakazi. Alisema, "Bosi Gilchrist alinisihi niende kwa mke wangu, nikakataa. Halafu akabeba lawama yangu mpaka alipokufa, na mkewe akaibeba baada yake. Watu wa mji huu wamenigusa bega kwa miaka mingi. Bega walilopaswa kugusa lilikuwa la Bosi." Halafu akatazama nyasi.

Nilikuwa nimekuja kusikiliza tu. Lakini Rhona alipoanza kukunja waya nikamwambia asubiri, nikakaa kwenye kile kiti.

Nikawaambia kwamba manesi walikuwa na redio korido. Nilimsikia mtangazaji mechi nzima, sauti inapanda, inashuka, mimi nimekaa kando ya kisanduku. Halafu wodi yote ikapiga kelele, wagonjwa, wapishi, mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno wiki nzima. Nesi mmoja, msichana mdogo, akaja mbio mpaka kwangu, mikono juu: "Bi. Rennie! Amefunga! Mumeo amefunga!" Akaona kisanduku, akashusha mikono mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia asante. Na jina la mtoto lilikuwa Struan Rennie, nikasema, naomba liandikwe vizuri.

Mpiga picha alikuwa amegeuka, anafuta kioo cha kamera ambacho hakikuwa na kitu.

Wakati nasema haya sikumwangalia Lachie. Rhona aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesimama, kofia mkononi, wakati wote.

Jumamosi, 30 Novemba

Habari zimeshaenea. Lachie alikwenda kununua mkate na hakuna aliyemgusa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua tena. Dod amekuja na chupa na uso kama mtu aliyeua. "Sikujua, dada. Naapa nilidhani unajua, sote tulidhani." Nilimwambia angenyamaza ningekufa mjinga. Akasema, "Hata hivyo." Nilimtilia sukari tatu.

Kuhusu Lachie, sijui niandike nini. Kuna siku nikisikia hatua zake nataka kutupa kitu. Kuna siku namwona bustanini na lile koti na nakumbuka ni mtu niliyemchagua mwenyewe, kwenye dansi, kwa sababu alikuwa hawezi kusema uwongo bila kuwa mwekundu masikio. Inaelekea kuna uwongo mmoja mkubwa ambao masikio yake hayakuuonyesha. Bado nalala chumba cha Morven.

Jumamosi, 14 Desemba

Wameionyesha leo alasiri kwenye ukumbi wa mji, kabla ya kwenda hewani. Viti vilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Morven alikuja. Nan alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu, amepaka rangi ya mdomo. Nilikaa naye upande mmoja, Lachie upande wangu wa pili.

Walicheka sana kwa manukato ya Mwitalia. Walishangilia walipoona barabara yetu kuu ilivyokuwa, na suruali zetu. Halafu ikaja jukwaa la kaskazini na Lachie na upepo. Ukumbi ukawa kimya, kimya cha watu wengi, ambacho ni kizito kuliko cha mmoja. Mwanaume mmoja nyuma alisimama akatoka, akiburuza kiti. Sikugeuka kuona ni nani. Nilipotokea mimi, nilimtazama yule mwanamke wa kwenye skrini na nikaona amezeeka, na kwamba amenyooka.

Baada yangu Rhona aliweka goli. Sikumkataza, aliniuliza kabla. Kona, kichwa, wavu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mji huu uliona goli lile na haukujua ufanye nini. Wachache walipiga makofi wakaacha. Nan ndiye aliyeendelea, peke yake, vidole vyake vilivyogoma vikigongana bila sauti, macho kwenye skrini, pale Bosi anapokimbia kando ya uwanja na koti lake refu. Hakuwa anashangilia. Alikuwa anamwangalia mumewe usoni, na mara hii sote tuliweza kuona: Bosi alikuwa analia.

Nje watu walitupisha. Kijana mmoja, mwenye picha ya Lachie mkononi, yule aliyekosewa pua, alisimama mbele yetu.

"Bado ni goli, nahodha."

"Ndiyo," Lachie akasema. "Bado ni goli. Na bado ni lile jambo jingine pia."

Morven alitaka kutupeleka kwa gari, nikasema tutatembea. Mvua ilikuwa nyepesi. Hatukushikana mikono. Tulipofika darajani alisimama, nikadhani ni nyonga.

"Ish," akasema. "Alikuwa na nywele?"

Miaka yote hii hajawahi kuuliza. Hata mara moja, hata mwezi wa Mei mmoja. Nilidhani hataki kujua. Leo nimeona kwamba alidhani hana haki.

Nikamwambia ndiyo. Nyekundu, kama za mama yako, chache, zimelala upande mmoja kana kwamba mtu amemchana. Akauliza kama alilia. Mara moja tu, nikasema, sauti ndogo, zaidi kama mtu anayekasirika. Akauliza kama nilimshika. Nikamwambia kisanduku kilikuwa na tundu la mkono, na alinishika yeye, kidole hiki hapa, kwa nguvu nyingi kuliko walizoniambia anazo. Akauliza macho. Akauliza alikuwa anafanana na nani. Aliendelea kuuliza na mimi nikaendelea kumjibu, tumesimama pale mvuani, na watu waliotoka ukumbini walitupita mmoja mmoja wakitusalimia, na hakuna kati yetu aliyewaitikia.